Sisi wa muziki tunafanya nini kuhusu tabianchi? Wanafunzi wameniuliza nikakosa jibu

mwl_wa_kwaya
Wadau habari zenu. Nafundisha shule ya muziki, mwaka huu joto limetutesa mno, mchana chumba cha ngoma hakikaliki, gita mbili zimepasuka kifuani (ubao wa mbele). Wanafunzi wakaniuliza, mwalimu, sisi tunafanya nini kuhusu hii tabianchi? Nikasema tutatunga wimbo. Binti mmoja akanijibu nyimbo za panda miti tumeimba tangu chekechea, mbona hali ndo inazidi? Naombeni mawazo ya kufanyika kweli, sio kaulimbiu.

FundiNyuzi
Pole mwalimu. Mbao inavuta unyevu na kuutoa, hewa ikikauka inasinyaa, na kwa vile kifua cha gita ni chembamba na kimegundishwa pembeni kote hakina pa kwenda, kinapasuka. Nunueni kipima unyevu, ukikaa kwenye asilimia 45 hadi 55 mko salama, na gita lisiachwe kwenye buti la gari juani, gundi inalegea, daraja (kipande kinachoshika nyuzi kifuani) linanyanyuka. Na hizo mbili msizitupe! Mimi naona shule ianzie hapo hapo, wanafunzi wajifunze kutengeneza. Klarineti na oboe nzuri (vyombo vya kupuliza) nyingi ni mpingo, unatoka zaidi Tanzania na Msumbiji, na mti wenyewe unachukua miaka 70 hadi 100 kukomaa. Pinde bora za fidla ni pernambuco ya Brazil, mti ambao umeadimika mpaka biashara yake ikawekwa chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa kudhibiti biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, mwaka 2007. Mtoto akilijua hilo anashika chombo kwa mkono mwingine kabisa.

besi_nzito
Fundi yuko sahihi ila kwenye shoo mzigo mkubwa kwa tabianchi ni usafiri, hasa wa mashabiki wanaokuja. Bendi ya Coldplay ya Uingereza walisimamisha ziara 2019 kwa sababu hii hii, wakarudi 2022, na 2024 wakatangaza gesi joto zao kwa kila shoo zimeshuka asilimia 59 ukilinganisha na ziara ya 2016-17, lakini hiyo hesabu ni ya steji, mizigo na wao wenyewe, safari za watu hazimo. Bendi nyingine, Massive Attack, Agosti 2024 pale Bristol, Uingereza, wakaendesha shoo nzima kwa betri na wakawahimiza watu waje kwa treni. Nyie tamasha la shule liwekeni karibu na kituo cha basi, tiketi iandikwe basi gani linafika, na muanze mapema ili watu wawahi la kurudi, maana shoo ikiisha usiku sana kila mtu anakuja na gari lake. Halafu jumlisheni wati za spika na taa kabla ya kukodi jenereta, watu wanachukua kubwa mara tatu ya mahitaji linanguruma usiku kucha linakunywa mafuta bure.

mtunzi_pembeni
Wimbo usiuache mwalimu. Shida ya zile za chekechea zinaamrisha tu, fanya hivi usifanye vile. Mi niliwatuma vijana 9 na simu za kurekodia wakawaulize wazee, sauti gani mlikuwa mnaisikia zamani siku hizi hamna? Mzee mmoja akaiga mlio wa chura aliyekuwa anatangulia mvua, noti tatu, ya mwisho inashuka kidogo, akasema ana miaka mingi hajamsikia. Kijana wetu wa filimbi akaudaka pale pale. Ndo ukawa kiitikio, neno mazingira halimo hata mara moja, na siku tumeuimba yule mzee alisimama mpaka mwisho.

mwl_wa_kwaya
Hii ya wazee imenigusa jamani, naianza wiki hii. Na Jumamosi tunaanza kuzitengeneza zile gita na darasa zima. Fundi, gundi ya mbao ya kawaida inafaa?

FundiNyuzi
Inafaa, ile ya maji, supaglu hapana. Ila kwanza ziwekeni kwenye keisi na sponji yenye unyevu (isidondoshe maji) siku kadhaa mpaka ufa ujifunge wenyewe, ndo mgundishe na kubana. Kwa ndani mbandike vipande vidogo vya mbao kukatiza ule ufa.