Kitabu kilichonitukana hadi nikaanza kusema "siji"

MwanaTanga:

Habari za jioni wadau. Mnivumilie, maelezo ni marefu kidogo.

Nipo Berlin, mwaka wa sita sasa, kazi yangu ni kuhudumia wazee kwenye nyumba ya wazee. Huku watu wakihama huacha kando ya njia makasha ya vitu wasivyovitaka, mpita njia ajichukulie. Mwezi wa tatu niliinama kwenye kasha moja kutafuta sufuria, nikaondoka na kitabu chembamba chenye katuni. Nilikichukua kwa sababu Kijerumani chake kilikuwa chepesi. Kinaitwa "Rede an den kleinen Mann", yaani hotuba kwa mtu mdogo. Mwandishi ni Wilhelm Reich, daktari wa nafsi aliyesomea Vienna na kupikwa kwenye jiko la Freud, yule baba wa uchambuzi wa nafsi. Sikuwahi kumsikia.

Jamani, kitabu kizima ni kusutwa! Anakukalia kooni toka mwanzo hadi mwisho, wewe mtu mdogo, wewe mtu mdogo: unamwogopa mkubwa wako, unamshangilia anayekukanyaga, na jirani akijaribu kusimama wima wewe ndiye wa kwanza kumcheka.

Sasa neno hilo nimekua nalo. Kwetu Tanga, kwenye kikao ukiulizwa rai yako unajibu, "Mimi mtu mdogo tu, mtakaloamua wakubwa ni sawa." Tunaita adabu. Nami nimepanda nalo ndege hadi huku. Msimamizi wa zamu akinipigia siku yangu ya mapumziko, kuna mtu kaumwa, njoo, "ndiyo" yangu inatoka kabla hajamaliza kusalimia. Mwezi wa pili nilipiga siku 13 mfululizo, na bado mimi ndiye niliyemwambia asante.

Nikaenda maktaba kuazima kingine cha huyohuyo, kilichotoka mara ya kwanza 1933, kigumu, nimeelewa labda nusu. Humo anasema mtu anayeishi kwa kujizuia hujivika deraya ya mwili. Taya linakaza, shingo inakuwa gogo, pumzi haishuki tumboni. Mgonjwa akija kwake, pamoja na kumsikiliza alikuwa anamtazama anavyokaa na anavyopumua.

Siku mbili baadaye simu ikalia, jina la msimamizi. Nikajikuta nimebana meno na pumzi nimeishikilia kama mtu anayezamia. Nikaingoja ishuke. Nikapokea nikasema, "Leo siji." Kimya. Kisha akasema, "Haya." Basi! Miaka yote hiyo nilikuwa naogopa "haya".

Nilipomsimulia kaka yangu akamtafuta huyo mtu intaneti, akanirudia anacheka: kichaa huyo, alikuwa anatengeneza makasha ya kunasa nguvu za ulimwengu, akafia gerezani Marekani. Tangu hapo sina raha. Ni kweli? Na kama ni kweli, huu uhuru wangu niuamini, au nimeazima kichaa cha mtu?

Mzee wa Maktaba:

Binti, kaka yako hajadanganya, ila kasimulia mwisho akaruka mwanzo.

Huyo bwana alizaliwa 1897 upande wa Galicia, enzi za dola ya Austria na Hungaria. Kijana mdogo tu Freud akamkubali. Alifungua Vienna vituo vya ushauri kwa wafanyakazi wasio na kitu, akazungumza nao mambo ya unyumba waziwazi, wakati ule ni kashfa. Akahamia hukohuko uliko wewe, Berlin, mwaka 1930. Hitler aliposhika nchi akakimbia. Wakomunisti wenzake walimfukuza 1933, na chama cha wachambuzi wa nafsi kikamfuta 1934. Wote hao walikuwa hawapatani kwa lolote, kwa huyu wakakubaliana.

Ni Marekani, alikofika 1939, ndiko mambo yalikoharibika. Akadai kagundua nguvu inayoitwa orgoni, akaunda makasha ya mbao yaliyowambwa bati ndani, mtu anaingia anakaa apate afya. Januari 1941 alimfuata mwanafizikia Einstein Princeton, wakazungumza kwa saa kadhaa. Einstein akalipima kasha, akaona joto limepanda kidogo kweli, halafu msaidizi wake akaeleza kwamba ni hewa ya chumba tu inavyozunguka kati ya dari na meza. Kwa Einstein shauri likaishia hapo. Reich akamwandikia barua ya kurasa 25.

Mwaka 1954 mahakama ikapiga marufuku makasha na maandishi yanayoyatangaza. Amri ikavunjwa, akahukumiwa miaka miwili, akafa kwa moyo gerezani Lewisburg tarehe 3 Novemba 1957. Ila kabla ya hapo, Agosti 1956, tani kadhaa za vitabu vyake zilitiwa moto New York kwa amri ya serikali. Hata vile vya zamani, visivyo na uhusiano na kasha, viliunguzwa.

Lako la taya na pumzi linatoka kwenye vile vya zamani. Orgoni haimo.

Kijana wa Kariakoo:

Dada, mimi nitakuwa mkweli. Hukuhitaji mzungu aliyekufa kukwambia usiende kazini siku yako ya mapumziko. Mama ntilie wa hapa kwetu angekwambia bure, na wali ungepewa.

Tena huyo bwana mwenyewe hakuwa mfano. Mkewe Ilse Ollendorff aliandika maisha ya mumewe, wivu na hasira za bwana huyo zimo humo. Mtu anayewafokea wanyonge kitabu kizima kwamba ni waoga, halafu nyumbani mke hapumui? Anayetuita watu wadogo kajiweka wapi yeye?

Shangazi wa Likoni:

Mwanangu, mimi nakuuliza jambo moja. Huyo msimamizi ni mgeni kwako, kumwambia "siji" ni rahisi baada ya kuzoea. Je, kwenye kundi la familia? Harusi ya binamu, mchango umepangiwa na kamati, jina lako liko juu kwa sababu uko Ulaya. Hapo taya lasemaje?

Siulizi kwa kejeli. Mimi nilijua kusema la kwa watu wa nje nikiwa na miaka ishirini. Kwa mamangu mzazi nilifika hamsini na mbili, na mwili ukatetemeka vivyo hivyo.

MwanaTanga:

Ahsanteni sana. Mzee wa Maktaba, shikamoo. Hilo la New York limenikaa. Kwenye uwanja wa Bebelplatz hapa kuna dirisha la kioo chini ya miguu, ukichungulia unaona rafu nyeupe tupu, ukumbusho wa vitabu vilivyochomwa Mei 1933. Nimepita pale mara nyingi na wageni, nikiwaeleza kwa uhakika kabisa kwamba haya ni mambo ya Manazi.

Kijana wa Kariakoo, umeniweza. Ila mama ntilie angeniambia kwa upole, nami nimezoea kuambiwa kwa upole, naitikia kisha nabaki vilevile. Huyu alinifokea kama aliyeamini ninaweza kuwa mwingine. Na hilo la kujiweka juu nililiona. Ukurasa fulani niliandika pembeni kwa penseli "na wewe je?" Sikuwahi kumjibu mwandishi maishani. Najua kitabu si ushahidi kwamba yeye ni mwema. Na kasha lake sitalitafuta, chumba changu mita za mraba 14, friji lenyewe liko kitandani.

Shangazi, umenigusa palepale. Kamati imenipangia euro 800. Nimeandika "nitatoa 200" mara tatu nikafuta mara tatu, na ndiyo, meno yamebana. Binamu mwenyewe hajui hata hiyo hesabu, ni wajomba.

Nimeyaacha maneno kwenye simu, hayajatumwa. Naingia zamu ya usiku saa mbili.