Tupeane uzoefu: trimu ya mashine ya boti

MtuWaMsasani: Wakuu, jana narudi kutoka Mbudya na familia, boti ya faiba futi 19, mashine moja ya nguvu farasi 90. Bahari shwari, nikawa nabonyeza trimu juu, kile kitufe cha kuinamisha mashine, mguu wake utoke nje nyuma ya boti, nitafute mwendo. Omo, yaani mbele ya boti, ikaanza kudonoa, juu chini, juu chini, mpaka mama watoto akamkumbatia mdogo wetu. Nikashusha kidogo tu, ikatulia. Nani yalishamkuta?

PwaniTupu: Yalishanikuta hayo, tena pale pale.

NahodhaNungwi: Umenitonesha kaka. Msimu wa kusi, napeleka wageni Mnemba. Kwenda mawimbi yanatupiga usoni, nikaingiza mashine ndani kabisa, yaani trimu chini, omo ikate maji. Kurudi yanatusukuma tezini, yaani nyuma, na trimu nimeisahau vilevile. Tukateremka wimbi moja, omo ikajichimbia kwenye wimbi la mbele, maji yakamwagika ndani, tezi ikataka kutupita. Boti ikaenda mrama, usukani hausikii. Nikapunguza mafuta, kidole kwenye kitufe, omo inapanda taratibu mno. Ndoo ya machungwa ya wageni ilikuwa inaelea miguuni pangu. Tangu siku ile nikigeuza boti, mkono unakwenda kwenye trimu kwanza.

BintiBahari: Alhamdulillahi. Walivaa laifu jaketi?

NahodhaNungwi: Wote, dada. Kwangu hupandi bila.

FundiFaiba: Mnajichosha. Weka chini moja kwa moja, nenda zako.

NahodhaNungwi: Fundi, umesoma nilichoandika? Hiyo chini moja kwa moja ndiyo iliyotaka kutuzamisha!

FundiFaiba: Ulikwenda mbio, usiisingizie trimu.

Kumi na Tano: Sisi wa mashine 15 kitufe hatuna. Ni pini na matundu pale mashine inaposhika tezi, unapanga ukiwa ufukweni. Naweka tundu la tatu toka ndani, kilichobaki natumia watu: mnene akae mbele.

MkaaShela: Kuondoka, ingiza ndani. Ikishapanda juu ya maji, toa kidogo kidogo huku unasikiliza. Mlio ukipaa ghafla na mwendo hauongezeki, propela inakula hewa, rudisha.

MtuWaMsasani: Na kwenye maji haba?

MkaaShela: Polepole, na usiinue kupita kiasi. Matundu ya kunyonyea maji yakitoka nje, ule mkojo wa mashine, yale maji ya kupoza inayoyatema nyuma, unakatika, umeunguza mashine. Geuka nyuma uutazame.

PwaniTupu: Kumi na Tano, tundu la tatu kwangu linadonoa. Natumia la pili, na mnene namweka katikati.