Mteja anataka nitie sahihi kwenye benchi. Naiweka wapi, na bei?

Seremala wa Pasua
Wakuu habari za jioni, wakubwa shikamooni.

Ni seremala hapa Pasua, Moshi, mwaka wa 19 sasa. Vitanda, makabati, milango, na majeneza yakihitajika usiku usiku. Kitanda cha 5 kwa 6 cha mkangazi natoa kwa 450,000, na mteja bado ataomba nipunguze halafu nimfikishie mpaka mlangoni.

Mwaka juzi upepo uliangusha mringaringa wa mama kule kihambani Kibosho, ule uliokuwa unatia kahawa kivuli. Tukachukua kibali, tukapasua kwa chensoo. Nikabaki na pande moja la futi 6, unene inchi 3, ubavuni bado lina mawimbi ya gome. Ufa umeingia kutoka kichwani karibu futi nzima. Nililiegemeza nyuma ya karakana, kuku wakaligeuza kitanda. Mpango wangu ulikuwa nilikate nipate miguu ya meza.

Mwezi uliopita akaja dada mmoja mchora ramani za nyumba, anajenga Shanty Town. Shida yake ilikuwa milango. Akaliona, akafukuza kuku, akalipangusa kwa kiganja, milango ikasahaulika. Anataka benchi la sebuleni, ufa usifichwe, na nikimaliza nitie sahihi kama mchoraji wa picha. Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini: "Baba Eliya, wewe hata fomu ya mkopo unaisaini kwa jasho."

Nimeliranda kwa mkono siku 4, maana karibu na tagaa nyuzi zinageuka, mashine inanyofoa. Ufa niufanyeje? Sahihi nitie wapi? Na bei: kwa hesabu ya mbao na siku zangu inakuja 380,000, ila roho inakataa.

Mzee wa Randa, Ngarenaro
Marahaba. Mwaka juzi, inchi 3? Hilo katikati bado bichi. Mbao ya kukausha kwa hewa hesabu mwaka mmoja kwa kila inchi. Mwambie mteja asubiri.

Ufa usiujaze gundi na unga wa msumeno. Mbao hutanuka masika na kusinyaa kiangazi, tena kwa upana, urefu karibu haubadiliki. Ule uji wako utadondoka vipande vipande. Chonga kipepeo cha mbao ngumu: kiuno kikae juu ya ufa, mabawa huku na huku, nyuzi zake zikatize ufa. Kizamishe mpaka nusu ya unene. Marekani alikuwepo fundi samani George Nakashima, vipepeo hivyo ndivyo watu wanavyomkumbukia. Alinolewa na seremala wa Kijapani ndani ya kambi walimofungiwa Wamarekani wenye asili ya Japani wakati wa Vita Kuu ya Pili. Nyufa hakuzificha.

Na matundu ya skrubu za miguu yarefushe kidogo kuelekea upana, la sivyo utapata ufa wa pili bila kuagizwa.

Kaka Mbishi
Ufa ni ufa. Mimi ningeletewa benchi hilo ningerudisha na fundi mwenyewe juu yake.

Mama Vigoda, Njiro
Kaka Mbishi, wewe nunua plastiki, tuachie sisi.

Baba Eliya, saini. Makumbusho ya Metropolitan kule New York wana kiti cha kitemi cha Wanyamwezi, mgongo mrefu umechongwa umbo la mtu. Kabila limeandikwa, jina la aliyechonga halipo. Mimi mwenyewe niliuza vigoda 6 kwa duka moja la watalii hapa Arusha, nikavikuta mara nne ya bei yangu na kikaratasi "kazi ya mikono ya Afrika". Afrika nzima ilivichonga! Tangu siku hiyo nachoma jina kwa msumari wa moto, chini, pasipokaliwa.

Huyo Nakashima, mara nyingi chini ya samani aliandika kwa wino jina la mteja. Bei usipige kwa futi. Pande la pili la mti huo hulipati, anza na 900,000 kisha unyamaze.

Seremala wa Pasua
Asanteni. Mzee, nimelirudisha kivulini, nimelipanga juu ya vijiti hewa ipite chini, mpaka mwakani. Vipepeo 2 nimeshachonga, mpingo niliopewa na wachongaji vinyago, makapi yao. Patasi imeniota meno!

900,000 niliitaja nikiangalia pembeni. Dada akauliza kama ninapokea nusu sasa. Nilikuwa nimejiandaa kushuka mpaka 500,000, nikabaki na maneno mdomoni.

Chini nitaandika jina lake, langu, na "Kibosho". Mke ameshanipa kigoda cha jikoni nikijaribie msumari wa moto. Herufi ya kwanza imetoka kinyume. Kuku nao wanadai banda, tangu juzi wanalala juu ya milango ya watu.