Walioishia njiani kwenye dodoso la mtandaoni nawahesabuje?

Nesi_wa_Zamu
Wakuu, habari za jioni. Nasoma uzamili huku kazi ya wodini ikiendelea. Natafiti uchovu wa manesi wa zamu ya usiku. Dodoso lina maswali 58. Nililitengeneza kwenye fomu ya bure ya mtandaoni, nikatupia linki kwenye magrupu matatu ya WhatsApp yenye jumla ya watu 286. Wiki tatu, majibu 71. Nikaandika "kiwango cha majibu asilimia 25", msimamizi akanirudishia kwa kalamu nyekundu: "Waliofungua wangapi? Walioanza wangapi? Waliacha wapi?" Sina jibu hata moja. Fomu inanionyesha waliobonyeza "tuma" tu.

Juzi kantini mwenzangu alikuwa anajaza, nimekaa pembeni yake. Alikwenda vizuri hadi swali la 9, lile jedwali la "Sikubali kabisa" mpaka "Nakubali kabisa". Kwenye simu yake safu mbili za mwisho hazionekani, mpaka asukume kwa kidole. Akajibu mistari minne kati ya 12, akaitwa wodini. Kurudi, ukurasa umejifungua upya, mtupu. Akanitazama, akatia simu mfukoni, akamalizia chai. Nifanyeje?

Mzee_wa_Takwimu
Pole dada. Kwanza futa hiyo 25. Mtu mmoja anaweza kuwa yumo kwenye magrupu yote matatu, na wengine hawajayafungua tangu mwaka jana. 286 si idadi ya walioiona linki.

Soma CHERRIES, mwongozo wa Gunther Eysenbach wa 2004 wa kuripoti matokeo ya dodoso za mtandaoni. Kiwango cha kushiriki: waliokubali, gawanya kwa waliofungua ukurasa wa kwanza. Kiwango cha kumaliza: waliotuma ukurasa wa mwisho, gawanya kwa waliokubali. Wewe una 71 ya juu, ya chini huna. Andika hivyo hivyo, kwamba walioanza hawakurekodiwa. Itakuuma kidogo siku ya kutetea, lakini asilimia ya kubuni itakuuma zaidi.

Ukirudia, tumia LimeSurvey, programu ya kutengeneza dodoso za mtandaoni. Mtu akibonyeza "endelea", majibu ya ukurasa ule yanabaki hata asiporudi tena. Na uamue kabla ya kukusanya nani utamhesabu amemaliza. AAPOR, chama cha watafiti wa maoni ya umma cha Marekani, wana mfano: aliyejibu chini ya asilimia 50 ya maswali yanayomhusu ameacha, 50 hadi 80 amejibu nusunusu, zaidi ya 80 amemaliza.

Fundi_Fomu
Kama LimeSurvey inakuchosha, tengeneza fomu mbili. Ya kwanza iwe ya idhini tu, swali moja. Akituma, ujumbe wa shukrani umpe linki ya pili. Hapo idadi ya waliokubali unayo. Ubaya wake, ile hatua ya ziada nayo itakupotezea watu.

Jedwali livunje. Swali moja moja, chaguo zishuke chini, zisiende pembeni. Kuhusu kupotea kwa majibu, ukiwalazimisha waingie kwa akaunti zao rasimu huhifadhiwa, ila nesi gani atakubali kusema amechoka huku barua pepe yake iko wazi juu ya fomu?

Mama_Wodi7
Mdogo wangu, mimi nimeona kitu kingine. Huyo aliyeitwa wodini ndiye unayemtafiti! Waliofika swali la 58 ni waliopata nafasi ya kukaa. Kwa hiyo hao 71 wako huenda hawajachoka kama sisi wengine. Hilo liandike kabla msimamizi hajaliona.

Nesi_wa_Zamu
Dada, umenikata maini. Ni kweli, katika 71 wengi walijaza kati ya saa nne na saa sita asubuhi. Nilikuwa nafurahia muda wa kutuma unavyopangika vizuri, kumbe.

Mzee, shikamoo na asante, 25 nimeshaifuta. Maswali nimepunguza hadi 24, jedwali nimelivunja. Kesho usiku nampa mwenzangu yule yule ajaribu tena, na akiitwa nitaandika ameachia namba ngapi.