Komyuniti koleji Texas: mdogo wangu aanzie wapi?

Mama_Tatu: Wakuu habari zenu. Mdogo wangu yuko Houston, ana grini kadi na ameshatimiza zaidi ya mwaka pale, fomu foo alimalizia huku nyumbani. Anataka kusomea uuguzi, ila kila anayemuuliza anamwambia komyuniti koleji ni vyuo vya waliofeli, bora akope aende chuo kikuu moja kwa moja. Mimi sijui mambo ya huko, naomba mnaojua mnieleweshe hivi vyuo vina nini na kama kuna maisha baada ya hapo.

Kaka wa Beltway: Dada, hao wanaosema vya waliofeli wanampotosha. Ni vyuo vya umma kabisa, vya digrii za miaka miwili na kozi fupi za kazi, cha kwanza kilianza Joliet, Illinois mwaka 1901, na pale Houston kipo Houston Community College ambacho ni kikubwa na kimejaa wageni. Kuingia hakuna ushindani wa maksi kama kwetu, anaomba, anafanya mtihani wa kumpima unaitwa TSI wa hesabu na kingereza, akionekana yuko chini wanamwongezea msaada wa somo hilo lakini hawamfukuzi. Na kama kingereza bado kizito kuna madarasa ya ESL, yaani kingereza kwa wageni, palepale chuoni.

Ada inategemea unakaa wapi. Mkazi wa wilaya ya chuo, yaani eneo ambalo chuo kinahudumia, analipa kidogo, wa wilaya nyingine anaongezewa, wa jimbo lingine ndio anaumia, kwahiyo atunze mkataba wa nyumba na karatasi zote za kuonyesha amekaa Texas miezi 12. Halafu ajaze FAFSA, fomu ya serikali ya kuomba msaada wa fedha za masomo, ni bure, mtu asimtoze hata senti. Kwa vile ana grini kadi anaruhusiwa kuomba Pell Grant, msaada wa serikali kuu, ile hairudishwi kama mkopo, wanaangalia zaidi kipato.

nesi_wa_zamu: Niongezee upande wa uuguzi maana ndio kazi yangu. Koleji inatoa digrii ya miaka miwili, akimaliza anakaa mtihani wa leseni ya unesi, NCLEX-RN, uleule wanaofanya waliosoma miaka minne. Sasa asikie hili vizuri: kukubaliwa chuoni sio kukubaliwa uuguzi. Kwanza anasoma anatomia na masomo mengine ya msingi, ndio anaomba programu, na hapo kwenye uuguzi ushindani ni mkali kweli, C hazitamfikisha mbali. Akitaka kipato mapema kuna kozi fupi ya CNA, yaani msaidizi wa nesi, wengi tunaanzia hapo huku tunasoma usiku.

Mama_Tatu: Asanteni sana jamani, nimepumua. Na akibadili mawazo akataka chuo kikuu baadae, hizo krediti, yaani alama za masomo aliyomaliza, si zinapotea?

Kaka wa Beltway: Hazipotei akizichagua vizuri. Texas wana namba za masomo za pamoja, mfano ENGL 1301: tarakimu ya kwanza ni mwaka wa somo, ya pili ni krediti, kwahiyo hapo ni la mwaka wa kwanza na lina krediti 3. Likianza na 0 ujue ni la kumuandaa tu, halihesabiki kwenye digrii. Yale masomo ya msingi yako krediti 42, akiyamaliza yote chuo kikuu chochote cha umma Texas kinayapokea kama furushi moja. Ila masomo ya fani kama kuchomelea vyuma au AC mengi hayahami hivyo, ni ya kwenda kazini moja kwa moja, na yanalipa vizuri tu.

Kabla ya kujisajili kila semista akae na mshauri wa masomo, amwambie chuo kikuu anachokitaka na digrii anayoitaka, atoke na orodha kwa maandishi. Na awatumie hao wa tyutaringi, wanaosaidia mwanafunzi nje ya darasa, ni bure na wako pale kwa ajili yake.

nesi_wa_zamu: Cheti cha fomu foo akipeleke mapema kikapimwe kinalingana na nini kule Marekani, shirika la WES linafanya hiyo kazi. Kupata karatasi kutoka nyumbani kunachukua muda, aanze wiki hii.