Petroli ya boti inatengeneza barabara gani? Wenye boti Lamu tumechoka

Nimetoka kununua petroli sasa hivi na hasira haijashuka, kwa hiyo nikiteleza ulimi mniwie radhi.

Kila lita ya petroli inayouzwa Kenya ina shilingi 25 za ushuru wa ukarabati wa barabara. Zilikuwa 18 hadi zilipopandishwa Julai 2024. Barabara! Mimi nina boti za abiria, Amu (mji wa Lamu) na Mokowe, Amu na Faza, siku nyingine mpaka Kizingitini. Boti hizo hazijui lami. Hata mji wenyewe wa Amu mizigo yake inabebwa na punda. Lakini nikijaza jerikeni ya lita 20, shilingi 500 zangu zinakwenda kuziba mashimo ya watu wa bara.

Na si huo tu. Ndani ya ile bei ambayo EPRA, mamlaka ya nishati, huitangaza kila tarehe 14 mna ushuru wa bidhaa, mna 5.40 za maendeleo ya petroli, mna hata ushuru wa reli. Anayejua stesheni ya treni iko wapi pale Faza anielekeze. Ushuru wa mambo ya meli nao umo, ila huo ni wa senti tu. Kisha juu ya mrundiko wote huo inapigwa VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ambayo Sheria ya Fedha ya 2023 iliitoa asilimia 8 ikaifikisha 16. Yaani ushuru nao unatozwa ushuru.

Najua kuna mjuaji atakuja hapa chini: "Sajili biashara, VAT yako utarudishiwa." Nishamuuliza mhasibu. Sheria imeusamehe usafiri wa abiria usitozwe VAT. Ukisikia msamaha utadhani ni neema, kumbe ndio kitanzi chenyewe. Kwa kuwa nauli yangu haina VAT, ile niliyoilipa kwenye petroli siwezi kuidai. Inabaki shingoni mwangu, na mimi naishusha shingoni mwa abiria, sina pengine pa kuipeleka. Lakini boti ikikodiwa nzima, huo msamaha hauihusu. Mwenye kukodisha akiwa amesajiliwa, jambo ambalo ni lazima mauzo yakifika milioni 5 kwa mwaka, anatoza VAT, na humo anakata ile aliyolipia mafuta. Sasa pimeni wenyewe: petroli ya kuwatembeza wageni Kiwayu VAT yake ina njia ya kurudi, petroli ya kumleta mama mjamzito wa Ndau hospitali haina. Aliyeandika hivyo sidhani kama amewahi kungoja maji yajae ndipo avuke.

Halafu angalieni juu. Ndege zinazotua Manda zinatumia mafuta ya ndege, nayo hayatozwi ushuru wa barabara. Sawa, ndege haipiti barabarani, sina neno. Boti je? Inapita wapi?

Lililonimaliza kabisa ni la 2025. Serikali ilichukua shilingi 7 katika zile 25 ikaziweka rehani, ipate bilioni 175 za kuwalipa makandarasi wa barabara madeni yao. Mvuvi wa Kizingitini analipa deni la lami ambayo hataiona, na hakuna hata fomu ya kuomba kurudishiwa. Wabunge na magavana nao wakafika mahakamani kugombania nani azitumie fedha za mfuko wa ushuru huo wa barabara. Sikusikia hata mmoja akiuliza zinatoka kwa nani.

Wala msiniambie haiwezekani. Australia wana sheria ya mwaka 2006 inayorudisha ushuru wa mafuta kwa biashara. Boti ya uvuvi, feri, boti ya watalii, zote zinadai, mradi mwenyewe amesajiliwa kwa VAT yao na mafuta yametumika kazini. Boti ya kujifurahisha wikendi haipati kitu. Unajaza dai lako pamoja na taarifa ya kodi ya biashara na unatunza stakabadhi, basi. Huko wanapunguziwa watu wenye pato la kuishinda kaunti yetu nzima, sisi wa mashine moja ya Yamaha ya mkopo ndio tunaokamuliwa.

Kuna hoja ya wizi, naikubali. Wapo watakaodai petroli ya boti kisha waiuze kwa bodaboda. Lakini boti za abiria zina leseni na cheti cha ukaguzi, za uvuvi zimo kwenye daftari za BMU, vile vikundi vya kusimamia fukwe za uvuvi, na nguvu ya injini inajulikana. Weka kiwango cha lita kwa kila injini, atakayezidisha akaguliwe. Hapo mnashindwa nini?

Bunge huita maoni ya umma kila mswada wa fedha unapofika. Wenye boti wa Vanga, Kilifi, Malindi, na wenzetu wa ziwani Mbita na Homa Bay ambao wanaumia vilevile, tupeleke karatasi moja yenye ombi moja: petroli ya boti ya kazi irudishiwe ushuru wa barabara. VAT ya abiria tutaigombania baadaye.

Mhasibu mwenye kifungu kinachonipinga akiweke hapa nikisome. Na wewe unayejiandaa kuniambia ninunue injini ya umeme, njoo kwanza mwezi wa saba tuvuke kwenda Kiwayu na kusi inavuma, halafu tuzungumze.