Niambieni Alichokula

Kikundi: Familia ya Bibi
Jumapili

Mama Imani (20:12): Shikamoo Mama. Tumefika salama jamani. Imani nimempima sukari ya damu sasa hivi, ana 17.4, imepanda mno. Asubuhi aliamka na 6.8. Ketoni, ile asidi inayojaa kwenye damu insulini ikipungua, hana, nashukuru. Naomba mnisaidie, alikula nini leo na saa ngapi? Sitafuti wa kumlaumu, naogopa kurundika sindano ya insulini juu ya nyingine.

Bibi (20:15): Marahaba mwanangu. Mimi nilimpa kile ulichoandika kwenye karatasi, na sindano alichoma mbele yangu. Sikuongeza kitu.

Ba'mdogo (20:19): Keki hakugusa, nilikuwa macho. Wenzake walipoanza kula nilimtoa nje tukacheza mpira.

Shangazi (20:27): Wifi, ni mimi. Nilimkuta jikoni peke yake analia. Nikampa biskuti, zile zilizoandikwa hazina sukari. Tano. Ilikuwa kama saa 11 jioni. Akaniomba nisikuambie. Nisamehe.

Mama Imani (20:31): Asante sana kwa kusema, wifi. Wala sijakasirika. Basi sindano ya mchana imeshaisha nguvu, nampa ya kurekebisha.

Ba'mdogo (20:33): Kama hazina sukari, zimempandishaje?

Mama Imani (20:38): Shemeji, biskuti ni unga, na unga ni wanga. Ukishameng'enywa unakuwa sukari ile ile. Kwenye pakiti msiishie mstari wa sukari, tafuteni wanga wote. Nazijua hizo, kila moja ina gramu 9. Tano ni 45, karibu mlo mzima kwake, na hazikupata insulini hata tone.

Bibi (20:41): Ndiyo maana nasema vitamu aachishwe kabisa. Si ndivyo vilivyomletea ugonjwa?

Mama Imani (20:46): Hapana Mama. Chake ni kisukari aina ya kwanza. Kinga ya mwili wake ilishambulia seli za kongosho zinazotengeneza insulini. Hakuna pipi iliyofanya hivyo. Nakuomba sana asilisikie hilo, maana alishaniuliza kama aliugua kwa sababu ya ulafi. Nilishindwa kujizuia kulia.

Bibi (20:48): Maskini mjukuu wangu. Sitalisema tena.

Mama Imani (20:59): Na keki angeweza kula. Kipande kidogo pamoja na chakula chake, mimi nahesabu wanga wake, anachoma kama robo saa kabla. Kabla insulini haijaanza kutumika mwaka 1922, watoto kama Imani walikuwa wanashindishwa njaa ili waishi muda kidogo zaidi. Leo hatuna sababu ya kumnyima. Kinachotusumbua ni kudokoa. Mkate kidogo hapa, juisi kidogo pale, kila mtu anampa kwa upendo na hakuna anayehesabu. Tukifika kliniki, wastani wa sukari wa miezi mitatu uko juu na tunabaki kuulizana kwa nini. Ila kinachoniuma zaidi ni kwamba alikuomba ufiche, wifi. Akizoea kula kwa kujificha akiwa na miaka 9, akifika 15 nitamsaidiaje?

Shangazi (21:02): Nimeelewa. Haitatokea tena.

Baba Imani (21:05): Na ule mpira, mdogo wangu, siku nyingine utuambie. Mchezo unaweza kumshusha sukari saa nyingi baadaye, hata akiwa usingizini. Marekebisho tumempa pungufu, kama daktari alivyotuelekeza kwa siku za mazoezi. Saa 8 naamka kumpima.

Ba'mdogo (21:06): Sawa kaka. Na akishuka akiwa na mimi?

Mama Imani (21:11): Akitetemeka, akitoka jasho, au akiwa mkali ghafla bila sababu, mpime. Chini ya 3.9 mpe juisi mililita 100, ndicho kiasi chake kwa uzito wake. Subiri dakika 15, mpime tena. Usimpe chokoleti, mafuta yake yanachelewesha sukari kuingia kwenye damu. Akipoteza fahamu usimtie kitu mdomoni. Mlaze ubavu, mkimbize hospitali, sisi utatupigia njiani.

Mama Imani (22:40): 11.2. Amelala.

Baba Imani (02:06): 6.9. Yuko vizuri.

Bibi (02:07): Alhamdulillah. Nami nilikuwa macho.

Jumamosi

Bibi (16:03): Mama Imani, anataka ndizi. Nimpe nusu au nzima?

Mama Imani (16:04): Amejipima Mama?

Bibi (16:05): 7.1. Anasema hiyo ndizi ni gramu 25, kaipima kwa macho tu. Ni kweli?

Mama Imani (16:06): Nipigie picha.

Mama Imani (16:08): Ni kweli kabisa! Achome mwenyewe, wewe hakikisha tu namba kwenye kalamu ya insulini kabla hajabonyeza. Halafu ale nzima.